Darasa la Jumamosi Saa Nane

Jumamosi tarehe 6 Machi 1954, saa saba kasoro robo mchana, Marijani alikuwa juu ya paa la nyumba ya mjomba wake huko Temeke, akifunga makuti. Masika yalikuwa karibu, na paa la zamani lilikuwa limeoza. Watu saba wa ukoo walikuwa wamekuja kusaidia. Wengine walirusha makuti kutoka chini. Marijani aliyadaka na kuyafunga kwenye fito.

Mama yake, Mauwa, alikuwa uani akiwapikia wasaidizi wali. Kila alipoinua macho alimwona mwanawe, na moyo wake ulitulia. Marijani alikuwa na miaka kumi na minane. Tangu Januari alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha wapima ardhi, upande wa pili wa mji. Mtaani walikwisha kumpa jina: Bwana Mpima.

"Bwana Mpima, kuti hilo umelipinda," alisema mjomba wake, Salumu. "Au huko chuoni hawafundishi mstari ulionyooka?"

"Wanafundisha, Mjomba. Lakini makuti yako hayakusoma."

Watu walicheka. Wakati huo Bwana Projestus alipita na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa Bukoba, jirani yao wa nyumba ya tatu, na kazi yake ilikuwa ukarani katika chuo kile kile. Jumamosi ofisi hufungwa saa sita, naye alikuwa anarudi nyumbani. Alishuka, akaegemeza baiskeli ukutani, akatazama juu.

"Marijani, saa saba inakaribia. Mbona uko hapo?"

 Marijani alililaza kuti juu ya fito bila kulifunga.

Mauwa aliliona jambo hilo. Aliweka mwiko chini, akaja mbele. "Kwani saa saba kuna nini, Bwana Projestus?"

"Saa nane kuna darasa la Hesabu, Bi Mauwa. Kila Jumamosi. Imeandikwa kwenye barua."

"Chuo gani hicho kinachosomesha Jumamosi mchana?" Salumu aliuliza. "Hata Serikali inafunga saa sita. Acha mzaha, karani."

"Darasa hili ni la wale walioingia kwa masharti," alisema Projestus.

 Mauwa hakuuliza zaidi mbele ya watu. Alimwita Marijani ashuke, akawaongoza yeye na Projestus mpaka nyumbani kwake, nyumba ya pili kutoka pale. Alifungua sanduku, akatoa bahasha ya chuo. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, nakala ya mzazi kubaki nayo. Chini yake kulikuwa na alama nyeusi ya dole gumba. Dole lilikuwa lake.

Aliikumbuka siku ile ya Januari. Marijani alikuwa na haraka. "Ni karatasi ya chuo tu, mama. Bonyeza hapa." Alibonyeza. Alikuwa amekwisha hudhuria kisomo cha watu wazima mwaka mzima, na angeweza kuisoma. Hakuisoma, kwa sababu aliona mambo ya chuo ni ya mwanawe.

Sasa aliisoma kwa sauti. Kidole chake kilitembea chini ya kila neno.

"Mwanao amepokewa kwa masharti. Amefaulu masomo matano. Katika Hesabu amepata alama 41, na zinatakiwa 50. Muhula wa kwanza atasoma masomo manne badala ya sita. Atahudhuria Hesabu za ziada kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi. Kila Jumatano atakwenda kwa mwalimu mshauri na daftari lake. Mwisho wa muhula atafanya mtihani wa Hesabu, na atatakiwa kupata alama 50 au zaidi. Akikosa darasa mara tatu bila kutoa taarifa, nafasi yake atapewa mwingine."

Alipumua, akamtazama mwanawe. "Umekosa mara ngapi?"

"Mbili. Arusi ya Mwanaheri, na matanga ya Mzee Hija."

"Kwa hiyo leo ingekuwa ya tatu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mtaa mzima unaniita Bwana Mpima. Niwaambie nakwenda kufundishwa hesabu upya, kama mtoto? Wangesema chuo kimenionea huruma."

Projestus alitikisa kichwa. "Barua hii niliipiga mashine mie mwenyewe, Marijani. Mwaka huu mmeingia tisa kwa njia hiyo. Chuo kikimkataa mtu, humwandikia mistari miwili. Wewe umeandikiwa ukurasa mzima. Wamekupunguzia masomo ili upate nafasi. Wamekuwekea mwalimu wa Jumamosi na mshauri wa Jumatano. Hiyo si huruma. Wameona unaweza, na wameona panapokosekana kitu."

"Na arusi?" Mauwa aliuliza. "Na matanga? Sie hatuwezi kukosa matanga, Bwana Projestus. Hata kwenu Bukoba najua hamwezi."

"Hatuwezi. Lakini kwenda matangani si kosa. Kosa ni kunyamaza. Kama shughuli inajulikana mapema, aandike barua kabla ya siku yenyewe, nawe utie sahihi. Mshauri atampa kazi ya siku hiyo aifanye nyumbani. Kama ni msiba wa ghafla, mtume mtu chuoni, au aje mwenyewe ofisi ikifunguliwa, aeleze. Kitabu cha mahudhurio hufungwa saa nane na robo, na kina nafasi ya maelezo. Akifanya hivyo, hahesabiwi kuwa amekosa."

"Na zile mara mbili?"

"Hizo zimekwisha andikwa. Hazifutiki. Ila masomo yaliyompita anaweza kuyaomba kwa mshauri."

Mauwa alikunja barua. "Mwanangu, nawa miguu. Chukua daftari."

Kisha alirudi kwa kaka yake. Salumu alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono kiunoni. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba yao, na Mauwa hakuzoea kumpinga.

"Kaka, Marijani hapandi tena leo."

"Paa halijaisha."

"Nimeona. Kesho alfajiri atakuja kulimaliza."

"Watu watasema amekimbia kazi ya ukoo."

"Waseme. Paa litangoja mpaka kesho. Kitabu cha mahudhurio kinafungwa saa nane na robo, na leo akikosa, nafasi yake anapewa mwingine."

Salumu alitazama mawingu. Hayakuwa ya mvua. "Haya," alisema. "Lakini kuna kuti pale juu amelilaza bila kulifunga. Likiniangukia, nitampima mie."

Projestus alimpa Marijani baiskeli. "Breki ya nyuma haishiki. Tumia ya mbele, na taratibu." Marijani aliondoka saa saba na dakika ishirini. Alirudi saa kumi na moja kasoro robo. Mauwa alimngoja mlangoni.

"Jina langu liliitwa, mama. Niliitika."

Jumapili alfajiri Marijani alipanda tena juu ya paa. Saa nne alimaliza upande wa kusini uliokuwa umebaki. Walipokuwa wanakunywa chai alichukua kipande cha mkaa.

"Mjomba, yadi moja ni futi ngapi?"

"Tatu. Hilo hata fundi cherehani anajua."

"Sasa kiwanja chenye yadi moja kila upande. Kina futi ngapi za mraba?"

"Si hizo hizo tatu?"

"Mie nami niliandika tatu. Ndiyo maana nikapata arobaini na moja." Marijani alichora mraba sakafuni, akaugawa kwa mistari miwili ya kwenda juu na miwili ya kulala. "Hesabu vyumba."

Mauwa alihesabu kwa kidole kabla ya kaka yake. "Tisa."

"Tisa. Mwalimu Gregori, yule wa Jumamosi, alitazama daftari langu jana, akaniambia sijui kosa langu liko wapi, ndiyo maana nalirudia. Akanichorea hivi. Makosa yangu sita kati ya kumi yalikuwa ni hili moja."

Salumu aliutazama mraba kwa muda. "Kumbe aliyenipimia shamba langu la Mbagala alinipunja," alisema.

"Alikuwa nani, Mjomba?"

"Nilipima mwenyewe."

Mauwa alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo Marijani hakukosa Jumamosi hata moja bila kutoa taarifa. Kila Jumatano alikwenda kwa mshauri na maswali yaliyomshinda, na Hesabu za zile Jumamosi mbili zilizompita alifundishwa hapo. Mwanzoni mwa Aprili palitokea akika ya mtoto wa binamu yake, siku ya Jumamosi. Marijani aliandika barua Jumatano, Mauwa akaisoma na kuitia dole gumba. Mshauri alimpa maswali kumi ayafanye nyumbani. Aliyafanya asubuhi, kabla ya kwenda kuchinja mbuzi. Salumu alipouliza kwa nini kijana amechelewa, Mauwa alimjibu kwamba yuko kazini. 

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Alhamisi ile baada ya kuezeka. Paa halikuvuja.

Mtihani wa Hesabu ulifanywa Alhamisi tarehe 22 Aprili. Jumamosi tarehe 1 Mei, Marijani alileta bahasha kutoka chuoni. Aliiweka mkekani pamoja na kidau cha wino wa dole, akaifungua.

"Nipe mie," alisema Mauwa.

Alisoma kwa sauti, naye Salumu amekaa mlangoni. "Mwanao amepata alama 63 katika Hesabu. Masharti yote yameondolewa. Muhula wa pili atasoma masomo sita, kama wenzake."

Alirudia kusoma mstari wa pili. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi. Alikisogeza kando kile kidau.

"Kalamu," alisema.

Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine: Mauwa binti Mwishehe. Jumatatu tarehe 3 Mei, Bwana Projestus aliipokea karatasi hiyo ofisini na kuipiga muhuri.