Asilimia Tisa ya Mkono

Haya ni ya kweli tupu, na asiyeamini aondoke sasa hivi, maana sipendi kukatizwa katikati. Mwaka 2091, pale Shinyanga, palikuwa na mtu akirusha mpira wa besiboli kilomita mia tatu kwa saa. Mpira ulitoka na mlio kama turubai linalochanwa, na kabla mpigaji hajapepesa jicho, ulikuwa umeshatua kwenye glavu ya mdakaji nyuma yake.

Mrushaji huyo aliitwa Nkwabi. Mkono wake wa kulia uliliwa na kinu cha pamba akiwa kijana, na timu ya Radi ikamfunga mkono-umeme. Mkono-umeme ni chuma chepesi kilichoshonwa begani, kinachopokea amri pande mbili. Amri moja hutoka kwenye mishipa ya mwenyewe. Nyingine hutoka kwa bongo-kuu, mashine iliyofukiwa chini ya uwanja, inayomjua kila mpigaji na udhaifu wake. Amri mbili zikigongana, ya bongo-kuu ndiyo inayopita. Nkwabi alikuwa akilicheka jambo hilo. "Bongo linajua kuliko mimi," alisema. "Acha lirushe, mimi nile sifa."

Mdakaji wake alikuwa shemeji yake, Gindu, mume wa dada yake Minza, na mikono yake yote miwili ilikuwa ya nyama. Vidole vyake vilikuwa vimevunjika na kuungwa mara nyingi hadi vikafanana na tangawizi. Kila mchezo ulipokwisha, alikaa nyuma ya Nkwabi na kumkanda bega, pale nyama inapokutana na chuma. "Tulia wewe," alikuwa akimwambia. "Unalalamika kama bibi harusi."

Timu nyingine zilipoanza kummezea mate Nkwabi, mwenyekiti wa Radi, Bi Milembe, alimwita ofisini.

"Mwanangu, mshahara unaliwa unakwisha," alisema. "Nakupa asilimia tisa ya timu. Utakuwa mwenye mali."

"Na Gindu? Nasikia mnataka mdakaji wa mashine."

"Mwenye timu ndiye anayepiga kura. Nani atamfukuza shemeji yako nawe umekaa pale mezani?"

Nkwabi alitia sahihi hapo hapo. Jioni alimpigia hesabu Gindu: "Mkono huu ni mali ya timu, na timu yangu ni asilimia tisa. Kwa hiyo mkono wangu ni asilimia tisa."

"Hata kidole kimoja hakitimii," Gindu alijibu. "Bosi gani huyu hana hata kidole!"

Wakacheka mpaka Minza akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mkutano wa wamiliki uliitishwa Jumapili asubuhi. Wamiliki walikuwa tisa, na hoja ilikuwa moja: wachezaji wote wenye mikono ya nyama waachishwe, na nyumba za timu wanazoishi zirudishwe. Gindu, Minza na watoto wao wanne waliishi katika mojawapo. Gindu mwenyewe alikaa benchi la nyuma, amevaa shati la kanisani.

Radi walikuwa na desturi ya tangu enzi za kadi za uanachama: kura ni mkono wa kulia, juu, hadharani, kila mtu amwone mwenzake. Karatasi waliziona ni za wezi. Zamani aliyehesabu alikuwa katibu. Sasa ilikuwa jicho-hesabu, taa ndogo darini.

"Wanaoafiki," alisema Bi Milembe.

Mikono minne ikainuka. Nkwabi alihesabu, akapumua. Yeye na wenzake wanne walikuwa watano. Ndipo bega lake likatetema, kama linavyotetema kabla ya kurusha, na mkono wake wa kulia ukapanda juu.

"Hapana!" alipiga kelele. "Si mimi! Mimi nakataa!"

"Sauti haihesabiwi, mwanangu," Bi Milembe alisema, na hata yeye alionekana kushtuka kidogo. "Bongo-kuu lina amri moja tu: timu ishinde."

Nkwabi aliushika ule mkono kwa wa kushoto, akavuta. Haukushuka. Akasimama juu ya kiti, akaning'inia kama mtoto kwenye tawi la mpera, miguu ikipiga hewani, kiti kikaanguka. Wengine walicheka, maana hata wewe ungecheka. Taa ya darini ikawaka kijani. Mikono mitano.

Mkono ukashuka wenyewe, taratibu.

Gindu alikuja mbele. Nkwabi alingoja tusi, au kofi. Gindu alizunguka nyuma yake, akaanza kumkanda bega.

"Usivute hivyo, shemeji," alisema. "Utajichana zaidi."

Alikanda mpaka damu iliyokuwa ikivuja kwenye mshono ikaacha kutoka, kisha akaenda nyumbani kumsaidia mkewe kufunga vyombo.

Kesho yake Nkwabi alimfuata fundi wa mikono.

"Ung'oe," alimwambia.

"Ni mali ya timu. Andika barua, wamiliki watapiga kura."

"Mimi ni mmiliki."

"Basi vizuri, utapiga na wewe."

"Kwa mkono upi?"

Fundi alifikiri, akarudi kwenye kazi yake. Jumamosi Nkwabi alirusha mpira kwa mdakaji wa mashine. Mashine hiyo haikudondosha hata mmoja, wala haikusema neno. Radi walishinda michezo arobaini mfululizo, hisa zikapanda mara tatu, na baada ya kila mchezo mwenye mali alikaa peke yake chumbani akijaribu kulifikia bega la kulia kwa mkono wa kushoto.

Nilipofika hapo, Masele, fundi cherehani aliyekuwa akinisikiliza pale kwenye kibanda cha chai, akaweka kikombe chini.

"Mzee, umesema mwaka 2091?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwepo?"

"Kwa macho yangu."

"Mwaka huo haujafika hata nusu ya safari!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nimekamatwa, nimekamatwa; mwongo hulipa. Nikamwambia mama wa chai awahesabie wote, na maandazi mawili mawili, mimi nitalipa. Nikatoa noti, nikaiweka mezani.

Masele akatafuna, akameza. "Lakini mzee, yule Gindu na watoto wake, walikwenda wapi?"

"Kula andazi lako," nikamwambia. "Nimelipa nisiulizwe hilo."