Feni, Mashine na Sauti ya Mzee Mshamu

Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, Bi Mwamini wa Kibiti hukaa sebuleni kumsikiliza marehemu mumewe. Msishtuke! Mzee Mshamu alirekodiwa kabla hajafariki, na sauti yake imo kwenye memori ya redio ndogo. Anasimulia jinsi bibi yake alivyojificha na watoto kwenye mikoko ya Maparoni wakati wa Vita vya Maji Maji.

Siku hizi Bi Mwamini hasikii vizuri. Joto limezidi, na mwanawe amemletea feni. Feni inavuma kando ya sikio lake. Redio iko dirishani, na nje ya dirisha mashine ya jirani ya kukoboa mpunga inanguruma kutwa. Bi Mwamini anaongeza sauti mpaka redio inakwaruza. Wapi!

"Johari, mkwe wangu, nimekuwa kiziwi," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Mshamu amenifia mara ya pili."

Johari aliingiwa na huruma. Akaenda sokoni kumwita Abbasi, fundi redio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nitazamie hiyo redio. Ikiwa nzima, basi mbovu ni mimi."

Abbasi hakushika hata bisibisi. Alikaa, akasikiliza. Kisha akauliza, "Kwa nini redio iko dirishani?"

"Ebo! Si ndipo inaposhika stesheni? Hata mtoto mdogo anajua."

"Ni kweli, kwa stesheni. Lakini sauti ya mzee haitoki angani. Imo humu humu, kwenye memori. Pale dirishani inashindana na mashine bure."

Johari akacheka. Bi Mwamini akamkata jicho, kisha akacheka naye.

Abbasi aliweka redio kwenye kigoda karibu na kiti cha bibi. Chini ya redio akatandika kanga iliyokunjwa, kigoda kisitetemeke. Halafu akafunga dirisha la upande wa mashine.

"Utanipika, we Abbasi!"

"Dirisha la uani liko wazi, bibi. Hewa itapita." Akaisogeza feni mbali, akaielekeza miguuni, akapunguza mwendo. "Upepo ukipiga sikioni, nao huvuma. Punguza kelele kwanza, ndipo uongeze sauti kidogo. Spika ikizidiwa hukwaruza, na masikio huumia."

"Na nikiwa bado sisikii?"

"Hapo uende zahanati wakupime masikio. Usijihukumu mwenyewe."

Abbasi akawasha redio. Mzee Mshamu akaanza, taratibu, kama alivyozoea. "Bibi akawaambia watoto, tulieni. Tusikilize kwanza askari wako upande gani, ndipo tukimbie." Bi Mwamini alisikia kila neno, hata kikohozi chake. Moyo ukamtulia.

Masimulizi yakaisha. Johari akanyoosha mkono kuzima.

"Ngoja," alisema Bi Mwamini.

Kwenye redio, baada ya kimya kifupi, Mzee Mshamu alisema kwa sauti ya chini, "Mwamini, acha vyombo. Njoo ukae karibu yangu."

Maneno hayo hakuwahi kuyasikia. Siku ile ya kurekodi alikuwa uani anaosha sufuria, na tangu hapo mashine ilikuwa inayameza.

Bi Mwamini akavuta kiti chake mpaka kikagusa kigoda.

"Nimekuja, Mshamu," alisema. "Vyombo ataosha Johari."