Fundi Vioo na Samaki wa Upanga

Saa tano asubuhi Mtaa wa Congo, Kariakoo, ulikuwa haupitiki. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, makontena yakishuka bandarini kila wiki, na kila kilichoshuka kikitandazwa barabarani: mashuka, redio, vitana, viatu vya kila namna. Katikati ya umati huo Uwesu, fundi vioo wa Mtaa wa Narung'ombe, alikuwa amekumbatia kioo cha kujitazamia, kirefu kama mlango, akikipeleka saluni.

"Kioo hicho, jamani, kioo," alisema, na watu wakampisha huku wakinung'unika.

Msichana mmoja hakumpisha. Alisimama mbele ya kioo, akauweka sawa mtandio wake wa kijani, akajifuta kijasho juu ya mdomo, kisha akajitazama ubavu wa kulia na wa kushoto. Alivaa gauni la kitenge lililomkaa vizuri na miwani midogo ya duara. Hakuwa na habari kwamba juu ya kioo kulikuwa na kichwa cha mtu.

"Umemaliza, dada, au nikutafutie kiti?" kichwa kiliuliza.

Msichana alishtuka, kisha akacheka mpaka miwani ikateleza. "Samahani, kaka. Nilidhani kinauzwa."

"Kioo kimeshanunuliwa. Mbebaji bado."

"Huyo mbebaji anajua kutengeneza matangi ya samaki?"

Uwesu hakuwahi kutengeneza tangi la samaki tangu azaliwe. "Ndiyo kazi yangu hasa," alisema.

Jina lake Hajira. Alasiri ile alifika dukani na mchoro: matangi kumi na mawili, yote saizi moja. Alifanya kazi Upanga, kwenye nyumba iliyogeuzwa maabara, chini ya mama mmoja mkali aitwaye Dokta Benedikta.

"Mnauza samaki?" Uwesu aliuliza.

"Tunawachunguza. Wadogo tu, kama kidole, wana mistari. Nusu yao wana vijidudu tumboni, kama mimi na wewe. Nusu tunawalea katika maji safi kabisa, hawana kidudu hata kimoja. Halafu tunaangalia nani mwoga, nani mtulivu, na nani anaugua haraka."

"Sasa woga na tumbo wapi na wapi?"

"Wewe ukiogopa, tumbo halikuvurugiki?"

Uwesu alikiri kwamba linavurugika hata sasa hivi.

"Basi. Vile vijidudu vinaongea na ubongo. Na vinawafundisha askari wa mwili yupi adui, yupi jirani. Sisi tunataka kujua vinaongeaje." Akainama juu ya mchoro. "Kitu kimoja muhimu, kaka Uwesu. Gundi ya silikoni iwe tupu. Isiwe na dawa yoyote ndani. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema Uwesu, aliyekuwa akitazama kishimo kinachotokea shavuni mwa Hajira kila anapotamka "gundi".

Matangi yalikamilika ndani ya siku sita. Hajira alipoyaona yamenyooka na hayavuji, alimsifu mbele ya Dokta Benedikta, na jioni hiyohiyo wakala aiskrimu Posta. Yakaanza mapenzi ya kubipu. Simu ya Hajira ililia mara moja ikanyamaza, mara kumi kwa siku.

"Una duka zima, unanibipu?" alimpigia siku moja.

"Nakujulisha tu kwamba nipo hai."

"Ungekufa ningejua. Ningepata utulivu wa kuhesabu samaki."

"Nani mwoga leo, habibi?"

"Tangi la nne. Kajificha kwenye kona tangu asubuhi, ananikumbusha wewe siku ile ulipomwona dada yangu."

Wiki tatu zilipita hivyo. Wiki ya nne simu ya Hajira ikawa haipatikani. Uwesu alivumilia siku mbili. Ya tatu alivaa shati lake la drafti, akajipulizia marashi mpaka Jaimin wa duka la vifaa jirani akafungua dirisha, akatembea kwa miguu hadi Upanga. Alifika getini kwa wakati mbaya. Gari jeupe lilisimama, akashuka mwanamume mwenye suti ya kijivu, akazunguka kumfungulia Hajira mlango. Hajira alikuwa na macho mekundu. Yule mwanamume alimshika bega, wakaingia ndani.

Jioni simu ilipopatikana, Uwesu hakubipu. Alipiga.

"Hongera ya suti," alisema.

"Suti gani?"

"Na gari jeupe. Ungeniambia tu kwamba fundi hafai."

"Yule ni Kasmir, ametumwa na wafadhili. Kaja kuuliza kwa nini samaki wangu wanakufa, Uwesu. Wenye vijidudu, wasio na vijidudu, wote wanazama chini na kufa. Dokta anasema nimechafua maji. Ijumaa wanaamua kama nibaki au niondoke. Na wewe unaniambia habari za suti." Akakata.

Uwesu alikaa na simu mkononi. Aibu ilimpanda, lakini bado hakujua kwamba yeye ndiye chanzo. Alijua kesho yake, Alhamisi, alipokwenda kwa Jaimin kununua silikoni ya kubandikia kioo cha bafuni.

"Chukua ileile uliyochukua mwezi uliopita," alisema Jaimin. "Nzuri sana kwa bafuni. Ina dawa ya ukungu. Inaua kila kidudu."

Uwesu alirudisha pochi mfukoni. "Ile niliyofanyia matangi?"

"Wewe uliomba nyeupe, bhai. Nikakupa nyeupe. Hukusema kuna samaki."

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku. Akiungama, jina lake litaharibika mpaka Jangwani, na Hajira huenda asimtazame tena usoni. Alirudi dukani, akashika patasi, akaiweka, akashika tena. Kisha akachukua ganda tupu la ile silikoni na kwenda Upanga akiwa na ovaroli lake lenye vumbi la vioo.

Aliwakuta watatu mezani: Hajira, Kasmir na Dokta Benedikta, mama mnene mwenye nywele nyeupe.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Hatujaagiza kioo."

"Nimekuja kusema kwamba nimewaua samaki wenu."

Kasmir aliweka kalamu chini. Uwesu alieleza yote: gundi, dawa, hata lile la kutowahi kutengeneza tangi. "Hajira aliniambia waziwazi. Sikusikiliza."

"Kwa nini hukusikiliza?" aliuliza Dokta.

Uwesu alitazama sakafu. "Nilikuwa natazama kishimo cha shavuni."

Dokta Benedikta alisoma maandishi ya ganda kwa muda mrefu, akampa Kasmir, kisha akamgeukia Hajira. "Nilikulaumu bure, mwanangu. Nisamehe." Na kwa Uwesu: "Wewe utatengeneza mengine kumi na mawili. Mimi mwenyewe nitakuchagulia gundi."

Hajira alimsindikiza Uwesu hadi getini. "Sijui nikupige au nikushukuru."

"Anza na lililo rahisi."

Alimfinya mkono kwa nguvu, wala hakuuachia upesi.

Matangi mapya yaliingizwa baada ya wiki mbili. Uwesu alivalishwa joho, kofia, glavu na barakoa nene, asilete vijidudu vya Kariakoo. Alipoweka tangi la mwisho alimsogelea Hajira, naye kafunikwa hivyohivyo, macho tu nyuma ya miwani.

"Nikiwatuma wazee kwenu, watapokelewa?" alisema.

"Unasemaje?"

"Wazee. Kwenu. Posa."

"Pasi? Pasi ya nini?"

Uwesu alivuta pumzi, barakoa ikamwingia mdomoni. Toka upande wa pili wa chumba, bila kuinua kichwa, Dokta Benedikta alisema, "Anataka kukuoa, Hajira. Mjibu, mtoke, mnawasumbua samaki."

Miwani ya Hajira ikaanza kufanya ukungu.

"Mwambie, Dokta," alisema, "awatume Jumapili. Baba anapenda watu wanaowahi."