Sura ya Tisa Haikusomwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alimsaidia baba yake kufungua duka la nyama. Alikwangua gogo la kukatia kwa brashi ya waya, akamwaga maji ya moto sakafuni, akatundika visu ukutani kwa kufuata ukubwa. Baba aliposhusha shoka, mfupa ulipasuka na chembe zake zikaruka hadi kwenye kioo cha mbele. Mama, aliyepima nyama kwenye mizani, hakuianza kazi bila dua fupi: Mungu atulinde na makali. Pilipili aliitikia amina. Chini ya kabati, sura ya tisa ya kitabu cha shule ilikuwa imelala bila kuguswa.

Ilikuwa sura ya mwisho tu, si kitabu kizima. Darasa lilikuwa na nakala moja ya riwaya waliyopangiwa, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili aliifumua, akaishona kila sura peke yake kwa uzi. Kila mwanafunzi alipewa sura yake aisome nyumbani, kisha awasimulie wenzake. Asiyesoma yake aliwanyima wote.

Pilipili alikuwa amejaribu ukurasa wa kwanza, akachoka. Alimwambia Mnara, kiranja wao mrefu, kwamba lugha ile ilikuwa ya mababu. Ndugu wawili wanagombania shamba, halafu wanazungumza kurasa nzima kama wazee barazani. Nani ana subira hiyo? Mwalimu alikuwa akilalamika kila siku kwamba wanafunzi wake wamebakiwa na neno moja kwa kila jambo: chakula kizuri ni noma, mvua kubwa ni noma, na ugomvi nao ni noma. Wao walicheka tu. Hata kicheko chao kilikuwa noma.

Zamu ya Pilipili ilipofika, mwalimu alikuwa kikaoni na Mnara ndiye aliyesimamia darasa. Pilipili alisimama mikono mitupu, akabuni. Kaka mtu alichukua panga, alisema, akamfyeka mdogo wake, damu ikaruka mpaka darini. Darasa lilipiga meza kwa furaha. Hakuna sura iliyowahi kushangiliwa hivyo, naye akarudi kukaa kifua mbele.

Njia ya mwongo ni fupi. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, swali kubwa liliuliza ndugu wale walimalizaje ugomvi wao. Darasa zima liliandika habari za kufyekana. Darasa zima likaanguka.

Jioni ya siku ya matokeo, wenzake walimngoja Pilipili kwenye kona ya ukuta wa shule.

"Wewe si ulisema yule mdogo mtu amekufa?" Mnara aliuliza.

"Kwani niliwashika mkono mkiandika?"

Kofi la Mnara lilimpasua mdomo. Pilipili naye hakuwa wa kusubiri la pili. Alimrukia, akamuuma begani mpaka shati likalowa damu. Wengine wakamvuta nywele, wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu. Aliponyanyuka alikimbia moja kwa moja hadi dukani, na kundi likimfuata nyuma kama nyuki. Ndipo jiwe liliporushwa. Lilivunja kioo cha mbele na kumpata mama kwenye paji la uso, akaanguka juu ya mizani.

Pilipili aliona damu ya mama yake, akili ikaruka. Alichomoa kisu kirefu ukutani, akambana Mnara mlangoni na kumwekea ncha chini ya kidevu. Baba alikuwa amebeba paja la ng'ombe begani. Alilibwaga chini, lakini hakuthubutu kusogea. Wengine waliganda.

"Mwanangu," mama aliita kutoka sakafuni, damu ikimwingia jichoni. "Kiteremshe. Sema naye."

Pilipili alifungua mdomo. Hasira, hofu, aibu, yote yalimjaa, na kwa yote hayo alikuwa na neno moja tu, nalo halikufaa. Tone dogo la damu lilitoka shingoni mwa Mnara.

Mwalimu, aliyekuwa ameugundua uongo ule kwenye majibu ya mtihani, alikuwa ameyafuata makelele kutoka shuleni. Alisimama nje, juu ya vioo, akauliza kwa sauti ya chini sura ya tisa iko wapi. Kwa macho tu, Pilipili alielekeza kwenye kabati. Baba aliichomoa taratibu, akampa. Mwalimu akasoma pale pale. Kaka mtu aliinua panga, kweli, tena juu kabisa. Kisha akamwambia mdogo wake: "Nimelishika panga hili kwa sababu nakuogopa. Nisaidie kulitua."

Pilipili aliyasikia maneno aliyoyakosa.

"Mimi pia naogopa," alimwambia Mnara. "Niliwadanganya. Sikusoma, nikaogopa mtanicheka."

Kisu kiliteremka. Baba akakichukua.

Mnara alijishika shingo, akilia. "Jiwe ni langu, mama," alisema. "Nisamehe."

"Shikeni ufagio kwanza," mama alijibu, akijifunga kitambaa kichwani. "Msamaha wangu haukanyagi vioo."

Mnara na Pilipili walifagia vioo pamoja, bega kwa bega, bila kutazamana. Kisha, kwenye zahanati, muuguzi alimshona mama paji la uso, akasafisha na majeraha ya watoto. Kesho yake Pilipili aliisimulia sura ya tisa upya, ukurasa kwa ukurasa, mdomo ukiwa umevimba. Hakuna aliyepiga meza. Mwalimu akaahidi kuwapa mtihani mwingine.

"Mvivu wa kusoma hujinyima maneno," mwalimu aliwaambia, "na mtu akikosa neno, huinua mkono. Jana uvivu mdogo ulizaa uongo, uongo ukazaa jiwe, na jiwe likashikisha kisu. Mshukuruni Mungu hatukuzika mtu. Lakini msimwachie Mungu kazi ya kuwasomea."