Kompyuta Iliyozubaa

Buti za baba yake Chiriku hazikuwa na ruhusa ya kuingia ndani. Zililala nje, kando ya mlango, juu ya gunia, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule Chiriku alizimwagia maji huku amebana pua. Baba yake alikuwa mzibuaji wa mitaro na mabomba ya vyoo. Kazi hiyo haifichiki. Hata baba akioga kwa sabuni ya kufulia, harufu ilitangulia kuingia ndani ikakaa kitini, yeye akafuata.

Hakuona haya. Alizoea kusema kwamba wanaomshikia pua ndio wenye hicho kinachonuka, yeye anakitoa tu. Kilichomuudhi ni glovu. Wakubwa wa idara yake walimwahidi glovu tangu mama yake Chiriku yu hai. Mama akaugua, akazikwa, glovu hazijafika.

Chiriku alikuwa darasa la sita. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukupata kwenda likizo. Tena alikuwa kiranja wa maktaba. Kila asubuhi alifungua madirisha, akapangusa meza, kisha akawasha kompyuta mpakato ya shule ili kengele ikilia iwe tayari. Wakati huo mtunza maktaba alikuwa akirudisha vitabu rafuni. Alikuwa mzee mwembamba, na wanafunzi walimwita Bwana Kimya, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote.

Kompyuta hiyo ilipoletwa shuleni, utepe ulikatwa na mwalimu mkuu akapigwa picha amekumbatia boksi. Hotuba zilikuwa ndefu hadi watoto wadogo wakasinzia. Mafunzo hayakuwapo. Waliotoa waliondoka, waliopokea wakaenda kula, na Bwana Kimya akaachiwa funguo na agizo la neno moja: aitunze.

Ikatunzwa na mikono ya shule nzima. Vitufe vilinata. Katikati ya herufi kulikuwa na makombo, nywele, na kitu cha kijani kilichokauka ambacho hakuna aliyethubutu kukiuliza jina. Kioo kilijaa alama za vidole vyenye mafuta, na mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa amepiga chafya palepale katikati, akaacha ushahidi. Chiriku alikuwa binti wa mzibuaji, lakini uchafu ule ulimtia kinyaa. Aliiwasha kompyuta kwa ncha ya kalamu, akasimama mbali.

Asubuhi moja, badala ya picha ya kawaida, kilitokea kioo cha buluu chenye maandishi madogo meupe. Chiriku alisoma kupitia ule ukoko wa chafya: *Inasafisha. Usizime kompyuta.*

Juma lililotangulia mwalimu wa hesabu alisema amesafisha flashi yake, na nyimbo zote za kwaya ya shule zilizokuwa humo zikapotea. Kumbe kusafisha ni kufuta. Na ndani ya kompyuta hii zilikuwamo insha za darasa zima, zilizochapwa kwa kidole kimoja kimoja muhula mzima ili zitengenezwe kitabu. Insha yake ilihusu mama yake. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Bwana Kimya alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, amempa mgongo. Chiriku hakumwita. Alibana kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi, akangoja kidogo, akaiwasha tena. Ilichukua muda mrefu kuamka, lakini insha zilikuwamo zote. Akajiona shujaa.

Kesho yake maandishi yalirudi. Akaizima tena. Ikawa ndiyo desturi: kompyuta inaanza, yeye anaikata, na kila ilipokatwa, ilizidi kuzubaa. Vinukta vilizunguka kiooni, vikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kipindi kilianza kioo kikiwa bado giza, kikaisha ndiyo kwanza picha inatokea. Wanafunzi walichoka kungoja, wakaanza kupigana mangumi chini ya meza.

Siku moja akaja mkaguzi wa shule. Mwalimu mkuu alimleta moja kwa moja maktaba, akitabasamu kama siku ya utepe, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuwashia. Vinukta vikazunguka. Mkaguzi akatazama saa, akatazama dari, kisha akatazama kile kitu cha kijani kwenye vitufe na kurudisha mkono wake mfukoni. Alipoondoka, mwalimu mkuu alirudi maktaba peke yake, na tabasamu alikuwa ameliacha njiani.

"Mzee, umeiua," alimwambia Bwana Kimya mbele ya darasa zima. "Umezoea vumbi la vitabu, sasa umeniletea vumbi kwenye kompyuta."

Bwana Kimya alisema kwa upole kwamba yeye haigusi asubuhi, ila hakumtaja mtu. Mwalimu mkuu hakusikiliza. Wakubwa wa namna hiyo wakitafuta wa kulaumu, hawaendi mbali; humchukua aliye karibu na asiye na wa kumtetea. Alitangaza kwamba fundi atakuja kesho, afute kila kitu kilichomo aanze upya, na fundi akimaliza mzee akabidhi funguo. Kila mtu shuleni alijua kwamba mpwa wa mwalimu mkuu alikuwa nyumbani akitafuta kazi.

Macho ya Chiriku yalikuwa sakafuni. Walipotoka, wenzake walimtania kama amemeza gundi.

Jioni baba alirudi, akavua buti, akaoga, akakaa mezani. Alikuwa na habari, na habari zake hazikuwa za kusimuliwa watu wakiwa na sahani mbele, lakini nyumba hiyo ilishazoea. Alikuwa ameitwa nyumbani kwa mkubwa mmoja wa idara yake, ambako choo kilifurika hadi varanda. Aliuliza kimetupwa nini. Bwana mkubwa akasema hakuna, mkewe akasema hakuna, watoto wakasema hakuna. Wote walimtazama dada wa kazi. Kabla baba hajaingiza waya kwenye bomba, yule dada alikwisha kufukuzwa, yuko njiani na mfuko wake.

"Nikavuta," baba alisema. "Ikaja nywele, yakaja matumbo ya kuku, nyuma yake likaja taulo zima. Limenuka, jamani, hata mimi nilitema mate. Nikalisuuza. Lina jina la bwana mkubwa mwenyewe, limetariziwa kwa uzi wa dhahabu."

Chiriku aliuliza kama yule dada alirudishwa.

"Arudishwe na nani? Mkubwa akikosea, kosa huhamia kwa jirani. Na wale waliojua walikuwa wamesimama pale, wanakohoa tu." Baba alisukuma sahani kando. "Uchafu wa choo mimi siuogopi, mama. Nanawa, unatoka. Wale waliokohoa ndio walionitapisha."

Chiriku alitoka nje haraka. Alitapika kando ya gunia la buti. Baba alimfuata na kikombe cha maji, akaomba radhi kwa kutaja matumbo ya kuku wakati wa kula. Chiriku alitaka kumwambia kwamba siyo kuku. Akanywa maji tu.

Kesho yake fundi alifika mapema. Alikuwa mwanamke kijana mwenye begi mgongoni. Jambo la kwanza alilofanya ni kuitazama kompyuta na kukunja uso kama mtu aliyeonjeshwa maziwa yaliyochacha. Mwalimu mkuu alimhimiza afute mara moja. Fundi akasema hafuti kitu kabla hajajua ugonjwa. Alieleza, huku darasa likitazama, kwamba kompyuta inayochelewa kuamka huwa na sababu zake. Pengine kuna programu nyingi zinazoamka pamoja nayo. Alitazama, akakuta mchezo mmoja wa magari, akauzuia usijiwashe. Pengine imejaa. Akatazama; nafasi ilikuwapo tele. Kisha akafungua sehemu nyingine, na hapo akapiga mluzi mdogo.

"Masasisho," alisema. "Imejaribu kila siku, imeshindwa kila siku. Kuna mtu anaizima kwa nguvu katikati ya kazi. Ni kama kumvuta mtu kutoka kwa kinyozi nusu ya kichwa kimenyolewa. Kesho anarudi kuanza upya, mnamvuta tena. Atawahi kazini saa ngapi?"

Watoto walicheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Alimnyooshea Bwana Kimya kidole, akasema si alisema, ni huyu mzee. Bwana Kimya akaanza kutoa funguo kwenye mfuko wa koti.

Walimu wengine, waliokuja kutazama, walikuwa wamesimama tu pale mlangoni. Mmoja akakohoa.

"Ni mimi," alisema Chiriku.

Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. Akaeleza yote: ule ukoko, lile neno, flashi ya mwalimu wa hesabu, insha ya mama yake, na jinsi alivyonyamaza jana mzee akitukanwa.

Fundi alitoa kitambaa begini, akakilowesha kwa dawa ya kusafishia, akafuta kioo pole pole. Kitambaa kilitoka na rangi isiyoelezeka. Akaiwasha kompyuta upya, na yale maandishi yakatokea kwenye kioo safi. Akamwambia Chiriku asome.

"I-na-sa-si-sha."

"Haya. Kusasisha. Neno limetoka kwenye 'sasa'. Inajifanya iwe ya sasa, haifuti kitu. Jicho likikutana na neno lisilolijua, husoma lile linalolijua."

Akachomeka chaja, akaamuru mtu yeyote asiiguse hata kama itakaa hivyo hadi mchana. Ilijizima na kujiwasha yenyewe, watu wakaiacha. Kabla ya mapumziko ya mchana ilimaliza. Fundi akaizima vizuri, akaiwasha: ikaamka bila kuzubaa, na insha zote zikiwamo. Kufuta hakukuhitajika.

Mwalimu mkuu alisema basi, yamekwisha, na akageuka kuondoka. Radhi hakumwomba mzee. Chiriku alijua anaweza kuadhibiwa, lakini mdomo wake ulikuwa umerudi kazini.

"Mwalimu, shikamoo. Samahani, bado hujasema kuhusu funguo za mzee."

Darasa zima lilikuwa linamtazama mwalimu mkuu, na wengine wamejaa madirishani. Fundi naye alikuwa bado anafunga begi, bila haraka.

"Akae nazo," alisema mwalimu mkuu, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa, akaenda zake.

Wenzake walipotoka, Chiriku alibaki. Aliomba msamaha. Bwana Kimya alizirudisha funguo kwenye koti, akapanga vitabu viwili vitatu ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Hakuharakisha kusamehe.

"Kusoma neno vibaya, mjukuu wangu, hata mimi nasoma vibaya," alisema mwishowe. "Watu wakijua kusoma kila kitu, maktaba ya nini? Ungeniita siku ile ya kwanza, tungelisoma pamoja, tukacheka. Lakini jana ulinitazama nikitukanwa, nawe unajua. Hilo limenichukiza, nami sitakuficha. Nililala nalo."

Chiriku alilia bila sauti. Mzee alimwacha alie kidogo, kisha akampa kitambaa kikavu na kumwonyesha vitufe vilivyonata.

"Kosa lisemwe lingali bichi," alisema. "Likioza, anayenuka ni mtu mwingine. Leo umelisema, umechelewa lakini umelisema, na wakubwa wako wamekushinda kwa umri tu. Haya, anza na hicho cha kijani. Kwa mkono, siyo kwa kalamu."