Aliyefuata Kutoka Hekaluni

Asubuhi ya kwanza baada ya kumleta mumewe nyumbani, Buakham alikuta pilipili haijaguswa. Tonge la wali wa kunata alilomwekea marehemu lilikuwa limemegwamegwa, na ndizi imeliwa yote. Katika miaka thelathini ya ndoa yao Inpan hakuwahi kula bila pilipili. Buakham akajiambia labda wafu hubadilika, akaosha sahani.

Inpan alikuwa seremala. Alianguka kutoka paa la hekalu la kale la mlima Doi Mok, akibadilisha mbao zilizooza, na mtu akifa ghafla mbali na kwake, roho yake hubaki palepale mpaka wa nyumbani aje kuiita. Mwili walikwisha kuuchoma. Roho ndiyo waliyoifuata, Buakham na wifi yake Fongchan. Walivua viatu chini ya ngazi, wakazunguka mnara mara tatu na udi mkononi, kisha Mtawa Mkuu akamfunga mjane uzi mweupe mkononi, roho ishike njia.

"Kila daraja mwambie mnavuka, na jina lake umtaje," alimwagiza. "Roho haivuki maji bila kuambiwa."

Lakini gari la abiria la kurudi lilijaa, vijana wa chuo walikuwa wakimtazama yeye na udi wake, akaona haya. Darajani alinong'ona tu, "Twende, tunavuka." Jina hakulitaja.

Siku ya pili nyumba ilinuka tope la bwawa. Siku ya tatu, mchana kweupe, akipepeta mchele, alisikia miguu ikipanda ngazi mbiombio, miguu myepesi, wala si ya Inpan aliyekuwa akichechemea, ikaja mpaka nyuma yake, ikasimama, na kitu cha baridi kama samaki kikashika pindo la nguo yake na kulivuta taratibu, mara moja, mara ya pili, jinsi mtoto anavyomvuta mama anayechelewa kugeuka.

Hakugeuka.

"Wifi," alimnong'oneza Fongchan, "niliyemleta siye kaka yako."

Fongchan alitazama nyayo ndogo za maji sakafuni. "We Buakham. Sokoni mdomo haufungi, kumwita mumeo garini ndiyo ukaona haya?" Kisha akalia, na Buakham naye akalia.

Walirudi Doi Mok siku ya tisini na tisa tangu Inpan afe. Ikipita ya mia, roho huwa ya pale ilipoangukia, haiitiki tena. Fongchan alibaki chini ya ngazi, penye viatu. Buakham akapanda peke yake.

"Ni mtoto wa bwawa la hapa hekaluni," Mtawa Mkuu alimwambia. "Alizama mwaka wa mafuriko. Mama yake alihama, hakurudi kumwita. Ukisema twende bila jina, anayengoja kuitwa ndiye hufuata."

"Nifanyeje, Baba?"

"Mwache bwawani, ukate uzi. Nitakufunga mwingine, umwite mumeo. Uzi mmoja, roho moja."

"Na huyu?"

"Atangoja," alisema mtawa, akainamisha macho.

Buakham alikaa kwenye ngazi za bwawa na mkasi. Juu ya paa lisilo na fundi nyundo iligonga mara tatu. Ndivyo Inpan alivyomwita kila alipotaka maji ya kunywa. Alimtamani mumewe mpaka mifupa ikamuuma. Hapo pindo la nguo yake likaachiliwa, na ngazi ya chini ikalowa mahali padogo, pa mtoto aliyekaa. Hakulia wala hakumshika tena. Alikuwa amezoea kuachwa. Buakham, ambaye hakujaliwa kuzaa, alipatazama pale kwa muda mrefu.

Aliposhuka, Fongchan aliuona uzi mweupe mkononi mwake, akadhani ni ule mpya wa kaka yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Gari lilijaa vilevile. Lilipopanda daraja, Buakham aliinua uso, akasema kwa sauti iliyomfikia dereva: "Mwanangu, tunavuka. Nishike, tusipotezane."

Abiria waligeuka. Fongchan alihisi kitu kibichi kikijipenyeza kati yao kwenye kiti.

"Na kaka yangu?" aliuliza polepole.

Buakham aliufunika uzi kwa kiganja. Kutoka mlimani nyundo iligonga mara tatu, ikangoja, ikagonga tena. Fongchan, ambaye hakuwa na uzi, alifungua dirisha akaita, "Inpan, tunavuka. Kaka Inpan, tunavuka," akaita hivyo mpaka daraja likaisha.