Nafasi Katikati ya Nyani

Rafiki yangu mmoja, mtafiti wa nyani, aliishi peke yake kwenye kibanda cha kazi, mahali ambapo wiki ingeweza kupita bila mtu wa kumsalimu. Jioni moja alikwenda kubadilisha betri ya kamera chini ya jabali ambako nyani hulala.

Giza lilikuwa linaingia. Nyani walikuwa wamekaa wawili wawili mwambani, wakichambuana manyoya na kuchapachapa midomo kwa ile sauti yao ya upole. Katikati yao palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu. Jike mmoja mzee alikuwa akiichambua nafasi ile tupu, akitenganisha manyoya yasiyokuwepo, kisha akitia vidole mdomoni.

Rafiki yangu akaketi kwenye nyasi, akampigia mumewe simu.

"Kuna nyani hapa anachambua hewa," alinong'ona.

"Mke wangu, upweke umekuzidi. Njoo nyumbani upumzike."

Kabla hajajibu, jabali lote likawa kimya. Nyani wakanyanyuka na kupisha, mama wakiwavuta watoto pembeni. Njia ikafunguka kati yao kushuka upande alipoketi rafiki yangu, kisha ikajifunga, na hakuonekana aliyepita. Ila changarawe zilisikika zikisagika, taratibu, zikija.

"Haloo? Bado upo?" mumewe aliuliza.

Rafiki yangu akaishusha simu sikioni. Bila kujua kwa nini, akajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Nyasi za pembeni yake zikalala chini polepole, zikatulia.